Maji ya paa kwa shule: mwongozo kwa sharika na parokia za Arumeru na Hai

Kanisa likiamua kuipatia shule maji, wazo la kwanza huwa kisima kirefu. Kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro wazo hilo lisubiri kipimo. Miamba ya volkano huku hutia madini ya floraidi kwenye maji ya ardhini, na maji hayo yanaweza kuwa maangavu, bila harufu wala ladha ya kumshtua mtu. Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kikizidi, meno ya watoto huota na madoa ya kahawia yasiyofutika. Kikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa huharibika. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua, floraidi inabaki palepale. Klorini nayo haiigusi. Basi kabla kapu la sadaka halijapitishwa, pelekeni sampuli ya lita 1 katika chupa safi ya plastiki (si ya kioo) kwenye maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji, mwombe ipimwe floraidi, na mwulizie pia kipimo cha vimelea.

Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Ndiyo maana huku tunatetea paa la bati kuliko kisima. Tena yanafaa kuchanganyia: bomba lenye miligramu 3 kwa lita, likichanganywa nusu kwa nusu na maji ya mvua, hushuka hadi 1.5. Mkiwa hapo, ongeeni na wapishi wa shule. Magadi ya kuivishia maharage yanaweza kurudisha sufuriani floraidi ileile mliyoikimbia.

Hesabu kabla ya mafundi

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1. Pimeni eneo ambalo paa linafunika chini, si urefu wa bati lenyewe, kisha zidisheni kwa 0.8 kwa sababu sehemu hupotea kwa kuruka na kukauka. Jengo la madarasa la mita 22 kwa 8 lina mita za mraba 176; mvua ya milimita 600 kwa mwaka itatoa lita 84,480. Tumieni mvua ya mwaka mbaya, si ya wastani.

Upande wa matumizi: wanafunzi 400, lita 2 za kunywa kwa siku, siku 80 za masomo kati ya masika na vuli, ni lita 64,000. Yaani matangi 7 ya lita 10,000. Kama fedha inatosha mawili tu, lita 20,000 ni siku 25, na wazazi waambiwe hivyo tangu mwanzo. Mradi mwingi hulaumiwa kwa ahadi, si kwa tangi. Kunawa mikono kuwe na chanzo kingine: kibuyu chirizi (kidumu cha kunawia kinachochuruzisha maji kidogokidogo) kando ya vyoo kinaweza kutumia maji ya floraidi bila madhara.

Gata, maji ya kwanza, tangi

Gata, yaani mfereji wa ukingoni mwa paa, iwe na eneo la mkato wa ndani la sentimita 1 ya mraba kwa kila mita 1 ya mraba ya paa inayoihudumia. Kila upande wa jengo letu una mita 88 za mraba, hivyo gata ya nusu duara yenye kipenyo cha sentimita 15 inatosha. Mteremko uwe milimita 5 kwa kila mita. Kwa mita 22 mwisho unashuka sentimita 11. Fundi akishusha zaidi, mvua kubwa itaruka juu ya gata upande wa chini na kumwagika. Vutieni uzi kwa pimamaji, msikadirie kwa macho. Vishikizo viwe kila sentimita 60, vipigwe kwenye fishabodi (ubao wa ukingo wa paa) nzima: ubao uliooza ndio huangusha gata, wala si uzito wa maji. Matawi yaliyoegemea paa yakatwe.

Maji ya mwanzo wa mvua hubeba vumbi na kinyesi cha ndege, hivyo yasiingie tangini. Tengeni nusu lita kwa kila mita ya mraba: lita 44 kwa kila upande. Bomba la wima la inchi 6 hubeba karibu lita 18 kwa mita, basi mita 2.5 zinatosha. Chini wekeni kifuniko cha kufungua kwa mkono, chenye tundu la milimita 3 la kudondosha. Tundu hilo huziba kwa tope. Likiziba, mvua inayofuata inapita na uchafu wake wote moja kwa moja hadi tangini. Lizibuliwe kila baada ya mvua.

Tangi la lita 10,000 likijaa ni tani 10. Msingi uwe wa mawe na moramu iliyoshindiliwa, juu yake jamvi la zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) lenye unene wa sentimita 15, lililosawazishwa kabisa na kupita ukingo wa tangi sentimita 30 kila upande. Jiwe moja lililochomoza litapasua kitako cha tangi la plastiki. Jamvi likae juu kiasi cha ndoo kuingia chini ya koki. Tangi jipya msiliache tupu hata usiku mmoja, upepo hulibeba. Litieni maji ya futi 1. Koki iwe sentimita 10 juu ya kitako, tope libaki chini, na kuwe na tundu la pili la kusafishia. Bomba la kumwagia ziada na mlango wa juu vifungwe wavu wa mbu.

Kabla ya mvua, sugueni ndani kwa gramu 6 za klorini ya unga ya asilimia 65 katika lita 20 za maji, acheni nusu saa, suuzeni. Anayeingia avae glavu, mfuniko ubaki wazi na mtu asimame nje. Tangi likijaa, gramu 15 hutibu lita 10,000: zipimwe kwa mizani, zikorogwe kwenye ndoo, zitulie, mmimine maji ya juu tu. Baada ya nusu saa klorini kwenye koki isome kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita.

Andikianeni na mwalimu mkuu, kamati ya shule na serikali ya kijiji, na RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini) ya wilaya ijulishwe: tangi ni la shule, na mtoto wa Kiislamu na wa Kikristo wanakunywa koki moja. Mwekeni mwalimu mmoja na mzazi mmoja wa kulitunza, na stoo iwe na koki mbili, wavu, gundi ya mabomba na utepe wa kuzibia. Fedha ya kibao cha marumaru chenye majina ya wafadhili ni bora ikanunue hivyo.

Kuanzia Juni, kila Jumatatu ingizeni kijiti chenye alama, mgawanye lita zilizobaki kwa siku za masomo zilizosalia. Jibu likishuka chini ya lita 800 kwa siku (lita 2 kwa kila mmoja wa wanafunzi 400), maji ya kuoshea vyombo ndiyo yakatwe kwanza.