Foili chini ya bati: namna ya kuifunga ili nyumba ipoe kweli

Saa nane mchana wa Februari jijini Dar es Salaam, bati la rangi ya maruni lililopigwa na jua tangu asubuhi linaweza kufika nyuzi joto 65 za Selsiasi, hata 70. Chini yake kuna dari ya jipsamu, na chini ya dari kuna feni inayozungusha hewa ya moto. Wengi hudhani kinachowachoma ni hewa iliyofungiwa darini. Hewa ina sehemu yake, lakini mzigo mkubwa unakuja kwa mionzi: bati linaimulika dari namna ile ile jiko la mkaa linavyokuunguza uso ukiwa umekaa mbali nalo, hata kama upepo unavuma kutoka mgongoni kwako.

Foili ya alumini inazuia mionzi hiyo, na karibu hapo ndipo kazi yake inapoishia. Uso safi wa foili hurudisha takriban asilimia 95 ya mionzi ya joto inayoupiga. Na hata foili yenyewe ikipata moto, hutoa mionzi kidogo mno ukilinganisha na mbao au jipsamu yenye joto lile lile. Chupa ya chai hutumia ujanja huu: kioo chake cha ndani kimepakwa fedha.

Tuipige hesabu. Bati lililopakwa rangi, lenye nyuzi 65, juu ya dari yenye nyuzi 35, hurusha kama wati 190 kwa kila mita moja ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 4 kinapokea juu ya dari yake zaidi ya wati 2,200, kana kwamba umewasha pasi mbili na kuzielekeza chini. Si zote zinazoingia chumbani, kwa kuwa sehemu huchukuliwa na hewa ya darini na dari yenyewe hupata moto. Weka foili safi katikati, na kwa hesabu hiyo hiyo kinachopokelewa kutoka kwenye bati kwa njia ya mionzi kinashuka chini ya wati 15 kwa mita ya mraba.

Hesabu hiyo inasimama kwa sharti moja: uso unaong'aa lazima utazame nafasi ya hewa, angalau sentimita 2.5. Mionzi husafiri penye nafasi. Ukiigandisha foili kwenye bati, joto halina haja tena ya kumulika, linapita kwa kugusana, na alumini hupitisha joto haraka sana. Ndiyo maana tunapikia sufuria za alumini. Uso wa foili uliobanwa na bati haufanyi kazi; unabaki uso wa chini tu, nao kama unang'aa na unatazama nafasi ya hewa. Nyumba ambazo wenyewe wanasema "tuliweka ile karatasi haikusaidia kitu" huenda zina kosa hili.

Kununua

Dukani utakuta aina mbili. Ya kwanza ni foili nyembamba iliyogandishwa kwenye nyuzi za nailoni au kwenye turubai jepesi. Ya pili ina mapovu ya plastiki katikati, unene wa milimita 4 hivi au 8. Ya mapovu ni ghali zaidi, na muuzaji atakuambia mapovu ndiyo yanayozuia joto. Kwa kweli milimita 4 za mapovu peke yake huzuia kidogo; kinachofanya kazi ni uso wa foili na nafasi ya hewa iliyo mbele yake. Faida ya mapovu ni kwamba karatasi haichaniki ovyo na hailegei. Kama kenchi zako (fremu za mbao zinazobeba paa) zimekaribiana, foili nyembamba yenye nyuzi inatosha kabisa.

Hakikisha ni alumini. Kuna plastiki iliyopuliziwa rangi ya fedha, ambayo inang'aa dukani na kufifia ikikaa kwenye hewa ya chumvi. Chukua kipande, weka tochi ya simu nyuma yake: ukiona mwanga umepenya karatasi nzima, si alumini. Halafu kwangua kwa ukucha. Mng'ao ukitoka, rudisha.

Ukanda wa pwani, na kokote penye unyevu mwingi, chagua foili yenye vitundu vidogo ambavyo mvuke unapita. Foili isiyo na vitundu huzuia mvuke kama nailoni, na mbao zilizo juu yake zinaweza kukaa na unyevu.

Kupima kabla ya kulipa

Mfano wetu ni nyumba ya mita 10 kwa 8, paa la pande mbili lenye mwinuko wa nyuzi 20, kenchi zimepishana mita 1.2 kutoka katikati hadi katikati, papi (mbao zinazolala juu ya kenchi na kubeba bati) za inchi 2x2 na mapaa ya kenchi (mbao zake za mteremko) ya inchi 2x4. Mbao moja ina unene wa sentimita 5, kwa hiyo nafasi tupu kati ya kenchi na kenchi ni mita 1.15. Kila upande wa foili unahitaji kukunjwa sentimita 5 ili upigwe pini kwenye mbao. Jumla mita 1.25. Ukinunua roli ya upana wa mita 1.2, utabaki na mkunjo wa sentimita 2.5, na huo huchanika kwenye pini. Panda darini na futi mkononi kabla ya kwenda dukani.

Kutoka ukutani hadi kwenye mgongo wa paa ni mita 4.26. Toa sentimita 10 juu, karibu na kofia (bati linalofunika mgongo wa paa), na kama 5 chini, za kupitisha hewa. Kila kipande kinakuwa mita 4.1. Nafasi za kenchi ni 9, pande mbili, vipande 18, yaani karibu mita 74. Roli ya mita 40 inatoa vipande 9 na kubakiza kama mita 3 za kuzungushia mlango wa dari na kuziba viraka. Roli mbili zinatosha. Pini za stepla, moja kila sentimita 15, zitakwisha karibu 1,000. Nunua boksi mbili za milimita 10, maana nyingine hukunjika. Ongeza tepu ya foili yenye upana wa sentimita 5, kisu cha kukatia kadibodi, glavu, barakoa, na mbao mbili ndefu za kusimamia.

Paa la pande nne lina pembe nyingi, kwa hiyo ongeza asilimia 15.

Umeme kwanza

Foili ni chuma kinachopitisha umeme, na unaifunga kwa pini za chuma mahali penye nyaya. Mwaka 2009 na 2010 nchini Australia, mpango wa serikali wa kuhami dari za nyumba uligharimu maisha ya mafundi vijana wanne. Watatu walikufa kwa umeme na wa nne kwa joto la darini. Baada ya kifo cha kwanza, pini za chuma zilipigwa marufuku katika kazi hizo.

Zima swichi kuu, si swichi ya taa tu. Kama kuna sola yenye betri na inveta, izime nayo. Hakikisha kwa testa. Kisha fuata nyaya zote kwa macho: nyumba nyingi zina nyaya zisizo ndani ya paipu, zimetambaa juu ya mbao za kenchi pale pale unapotaka kupiga pini. Mwite fundi umeme azihamishe au aziingize kwenye paipu. Nyaya zilizochubuka au zilizoliwa na panya zibadilishwe kabla foili haijaingia, na foili isilale juu ya waya wowote. Ukiwa na nafasi, akufungie pia kifaa kinachokata umeme unapovuja kwenye saketi zote.

Kuhusu joto: anza saa kumi na mbili asubuhi, toka saa tatu, au saa nne siku ya mawingu. Usikanyage jipsamu wala mikanda inayoishikilia. Mbao zako mbili zilaze juu ya boriti za chini za kenchi ndipo utembee.

Kufunga kwenye nyumba iliyokwisha ezekwa

Fagia vumbi na viota kwanza, na ziba matundu ya misumari yanayovuja. Foili inaficha uvujaji: maji yanatiririka juu yake na kudondokea chumba kingine, na fundi atatafuta tundu mahali pasipo.

Katia vipande vyote chini, sebuleni, penye sakafu safi. Kunja kila ukingo sentimita 5, kandamiza kwa ubao ili mkunjo ubaki, kisha ukunje kipande kama mkeka. Darini, anzia kwenye mgongo wa paa ukishuka. Mikunjo itazame chini, ilale ubavuni mwa paa la kenchi, na ukingo wa mkunjo uwe sawa na ukingo wa chini wa mbao. Hapo karatasi inakaa sentimita 5 juu ya ukingo huo, na kati yake na bati unapata kama sentimita 10: 5 za mbao iliyobaki na 5 za papi. Piga pini moja kila upande juu, moja katikati, moja chini, utazame kama imekaa sawa, ndipo ujazie zilizobaki. Isikazwe kama ngoma. Ikilegea kidogo si neno, mradi isiguse bati.

Kama foili yako inang'aa upande mmoja tu, uelekeze chini. Wengi hustaajabu, wakiamini kioo lazima kitazame jua. Ukitazama chini, foili inapata moto kutoka kwa bati, lakini haiwezi kuutoa kuelekea dari, kwa sababu uso unaong'aa ni mchoyo wa mionzi. Na vumbi halishiki uso unaotazama chini. Upande wa juu, mng'ao hufifia kadiri vumbi linavyolala, na vumbi la darini linajulikana.

Kwa sababu hiyo hiyo hatushauri kutandaza foili moja kwa moja juu ya dari, ingawa ni kazi ya saa moja. Inajaa vumbi, inafunika nyaya, inaficha mbao unazopaswa kukanyaga. Na ukiwasha AC kwa nguvu chini yake, foili inapoa hadi hewa yenye unyevu ya darini inaacha umande juu yake, kisha jipsamu inaota madoa meusi.

Penye mbao za msalaba za kenchi, chana kwa kisu, pitisha pande mbili, ziba kwa tepu. Mpasuko wa sentimita mbili tatu hauna madhara makubwa. Usipoteze asubuhi nzima kuuremba. Acha nafasi ya sentimita 10 au zaidi kuzunguka taa zilizozama darini, na zaidi sana kuzunguka bomba la moshi wa jikoni, kwa kuwa plastiki ya mapovu inashika moto.

Sasa zile nafasi za juu na chini. Hewa iliyo kati ya bati na foili inapata moto sana, na lazima iwe na pa kuingilia na pa kutokea: chini, kwenye matundu ya dari ya nje, juu, kwenye kofia yenye tundu au matofali ya matundu kwenye ukuta wa pembetatu. Weka wavu wa kuzuia popo na panya. Foili iliyozibwa pande zote bado inapunguza joto, lakini unapoteza sehemu ya faida.

Paa jipya

Hapa kazi ni rahisi, na hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Wanapigilia papi, wanatandaza foili juu ya papi ikiwa imekazwa, kisha bati juu. Mpangilio sahihi: foili juu ya kenchi, papi juu ya foili, bati juu ya papi. Unene wa papi unakuwa nafasi ya hewa bila gharama ya ziada. Iache foili ilegee sentimita 4 au 5 kati ya kenchi. Anzia chini ukipanda, kila safu ya juu ilalie ya chini sentimita 15, ili maji ya umande yateremke hadi nje. Kwenye baridi ya Njombe au Limuru umande wa chini ya bati ni mwingi, na huko foili hufanya kazi ya pili ya kuyapokea matone.

Kama papi zimeshapigwa, foili inaweza kupita juu yake, ila ilegezwe kwa makusudi kati ya papi na papi. Msaidizi aikandamize kwa mkono huku mwenzake akipiga pini. Vaeni miwani ya jua: foili mchana huumiza macho, tena inateleza, na inaficha papi mnazokanyaga. Mbao zilizotoka kutiwa dawa zikauke kwanza, maana dawa yenye shaba ikiwa mbichi hula alumini. Saruji mbichi vilevile.

Kinachobadilika kwenye bili

Wizara ya Nishati ya Marekani inataja punguzo la asilimia 5 hadi 10 kwenye gharama za kupoza nyumba katika maeneo ya jua. Nyumba zao kwa kawaida zina sufi nene ya kuzuia joto juu ya dari. Zetu hazina, kwa hiyo nafasi ya kufaidi ni kubwa zaidi. Lakini hesabu hata kwa asilimia 10: AC ya BTU 12,000 isiyo ya inveta ikifanya kazi saa nane hula kama uniti 6. Umeokoa 0.6, karibu shilingi 200 kwa siku kwa tarifa ya kawaida. Anayelala kwa feni hataona chochote kwenye LUKU. Atakachoona ni dari isiyochoma jioni. Na kama ukuta wa magharibi unapigwa na jua hadi linapozama, foili ya paani haiugusi. Huo unataka kivuli, mti au baraza. Bati linalokaribia kubadilishwa, libadilishe kwa jeupe kabla ya kufikiria foili.

Pima joto la uso wa dari kwa kipimajoto cha kuelekeza (kinachosoma joto kwa mbali bila kugusa), saa tisa alasiri, siku ya jua, kabla ya kazi na wiki moja baadaye, mahali pale pale. Kama tofauti haifiki hata nyuzi 3, panda ukatazame: huenda foili imegusa bati, au matundu ya hewa yamezibwa. Baada ya mvua kubwa ya kwanza panda tena na tochi, na uangalie kingo za chini kwanza. Maji yaliyokusanyika hapo huichana foili kwenye pini.