Kabla ya kununua mtoto wa mbwa aina ya retriever, omba kumwona mama
Hapa Goma wengi wanaamini kwamba Labrador, mmoja wa mbwa hao, haumi. Anauma, hasa akizalishwa ovyo. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, omba kumwona mama yake, maana uoga na ukali hurithiwa kwa sehemu. Mtoto asiyetimiza wiki 8 mwache hapo hapo: bado anajifunza kupima nguvu ya kuuma. Akimuuma ndugu yake kwa nguvu, mwenzake analia na mchezo unakatika. (Nimeona mtaani Himbi wakiuza wa mwezi mmoja, eti tayari!) Njia hii ya kumwona mama hukwama akiwa bado ananyonyesha, kwani hata mpole hunguruma akilinda wanawe. Mwenye mbwa amlete mama uani peke yake, ndipo umwangalie. Akikataa kukuonyesha mama kabisa, nenda zako.