Ukikutana na "get", mtazame jirani yake

Jioni tatu kwa wiki nafundisha Kiingereza hapa Tanga, uani kwa mama yangu. Wanafunzi wangu ni wahudumu wa hoteli na madereva wa bodaboda. Neno linalowatesa kuliko yote lina herufi tatu tu: get. Walikaririshwa kwamba ni "pata", basi. Kijana mmoja alisoma "We got to Moshi at night" akatafsiri "Tulipata Moshi usiku". Sikumlaumu, ndivyo alivyofundishwa.

Usiitafsiri get kwanza. Tazama neno linaloifuata.

Likiwa kitu, ni kupata, kununua au kuleta: "Get me some water" ni niletee maji. Likiwa mahali, ni kufika. Haya hayana shida.

Utamu uko kwenye sifa. Get tired, get old, get angry, get wet: Mwingereza anatumia maneno mawili, sisi moja tu. Choka, zeeka, kasirika, lowa. Get imeshamezwa ndani ya kitenzi chetu, kwa hiyo ukiitafutia neno lake peke yake utahangaika bure. Chukua daftari uanzie jikoni: chai imepoa, maharage yameungua. Andika kila moja kwa Kiingereza ukitumia get. Wanafunzi wangu wakifika hapa huanza kuchangamka, maana wanagundua jambo lenyewe walikuwa nalo tangu utotoni.

Kisha kuna kazi unayofanyiwa na mwingine. "I got my hair cut" si kwamba ulishika mkasi mwenyewe, ni nilinyolewa. "I got my shoes mended", nilishonewa viatu. Fundi hatajwi, kama kwetu tu.

Vineno vidogo vinavyoifuata get inabidi uvikariri pamoja nayo: get up, amka, get on, panda, get off, shuka, get over malaria, pona malaria. Get along ni kupatana, na hapo pata yetu imejirudia yenyewe.

Inarudi tena kwenye "I never got to see him": sikupata kumwona. Na rafiki akikuuliza "You get me?" ndiyo ile ile ya kijiweni: umenipata?

Ukiona gotten, yaani get inapokuja baada ya have, aliyeandika huenda ni Mmarekani. Waingereza wengi huandika got.