Namna ya Kukaa katika Hoteli Ndogo Iliyomo katika Jumba la Kale kwenye Visiwa vya Ugiriki

Anayelala katika jumba la kale akumbuke kwamba nyumba ilitangulia, hoteli ikafuata. Kule kisiwani Hydra, majumba ya mawe yanayoitazama bandari yalijengwa na matajiri wa meli mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19. Kule Oia, kisiwani Santorini, vyumba vingi ni mapango yaliyochimbwa katika majivu ya volkano yaliyoshikamana. Majengo ya namna hii hulindwa kwa sheria, kwa hiyo mwenye hoteli hawezi kubomoa ukuta apendavyo ili aweke lifti au apanue dirisha, na vyumba viwili vya bei moja vinaweza kutofautiana kama usiku na mchana.

Basi chagua chumba, usichague hoteli. Kabla ya kulipa, andika uulize ngazi ni ngapi kutoka gatini hadi mlangoni na kutoka mlangoni hadi kitandani, dirisha linaelekea wapi, na picha uliyoiona ni ya chumba kipi hasa. Chumba cha pango huwa na ubaridi wa kupendeza mchana wa Julai, lakini mara nyingi hewa na mwanga huingia kwa upande wa mbele tu, na unyevunyevu huganda kwenye nguo. Mwenye pumu aombe chumba kingine. Chumba cha chini ya paa huvutia kwa boriti zake, ingawa mtu mrefu atazisalimu kwa paji la uso. Wengi hulipia zaidi ili waione bahari. Mimi ningechukua kile kinachofunguka kwenye ua wa ndani, wenye kivuli na sakafu ya kokoto nyeusi na nyeupe zilizopangwa moja moja, kama ilivyo desturi ya kisiwa cha Rhodes.

Mizigo iwe michache. Hydra haina teksi za nchi kavu wala magari ya abiria: masanduku hubebwa na nyumbu, na ni vyema kupatana bei na mwenye mnyama kabla kamba hazijafungwa. Magurudumu ya sanduku hayafui dafu juu ya vichochoro vya mawe vyenye ngazi.

Ukifika mapokezi, utadaiwa ada ya serikali ambayo kwa kawaida haimo katika bei ya chumba. Hutozwa kwa kila chumba kwa kila usiku, kulingana na daraja la hoteli, na hupanda majira ya kiangazi. Chooni utakuta kapu dogo lenye mfuniko: karatasi hutupwa humo, kwani mabomba ni membamba na huziba upesi. Alasiri ni saa za mapumziko, na dari za mbao hupitisha kila hatua ya kiatu. Vua viatu, ufunge mlango taratibu.

Kuhusu kuondoka, ujihadhari na meltemi, upepo wa kaskazini unaovuma kwa nguvu katika bahari ya Aegean, hasa Julai na Agosti, kiasi cha kuzuia meli kung'oa nanga. Usipange boti na ndege siku moja. Rudi Piraeus, bandari ya Athens, au Athens kwenyewe siku moja kabla, na usiku huo wa mwisho ulale huko.