Ratiba ya utafiti ifuate mwezi wa angani

Kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaokuja Unguja kusoma ikolojia na maisha ya watu kwa pamoja: panga kazi kwa kufuata bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa sana. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hutoka mbali sana Paje na Jambiani, vijiji vya pwani ya mashariki. Hapo ndipo pa kupima mwani. Usimhoji mkulima wa mwani saa hizo, amechutama anafunga mbegu kwenye kamba na bahari haimsubiri. Mahojiano yawekwe siku za maji mafu, bahari isipotoka mbali, wengi wakiwa nyumbani. Sisi tulipoteza siku tatu mpaka bibi mmoja alipotueleza. Kwa wavuvi ratiba hii haifai, wana utaratibu wao. Na kukiwa na harusi kijijini, ahirisheni tu, mwende mkasaidie kupika.