Pikachu ex: kufikisha pointi 3 kabla mpinzani hajajipanga

Juzi mpwa wangu aliniletea simu amenuna. "Anko, kila mara nafika pointi 2, halafu nafungwa." Anacheza Pokémon TCG Pocket, mchezo wa kadi wa kwenye simu ambao wa kwanza kufikisha pointi 3 ndiye mshindi: ukimwangusha Pokémon wa kawaida wa mpinzani unapata 1, ukimwangusha mwenye "ex" kwenye jina unapata 2. Deki yake, yaani fungu lake la kadi, ni ya Pikachu ex, ileile niliyoanzia mimi. Haya ndiyo niliyomwonyesha. Namna ya kupanga kadi kwenye programu yenyewe siielezi, utaiona.

Hatua ya 1: Deki

Kadi 20, umeme mtupu: Pikachu ex 2, Blitzle 2, Zebstrika 2, Voltorb 2, Electrode 2, Poké Ball 2, Professor's Research 2, X Speed 2, Cyrus 2, Sabrina 1, Giovanni 1. Usichanganye nishati (nguvu ya kushambulia, unayopewa moja kila zamu) za aina mbili, kwa sababu mchezo hautakuuliza unataka ipi zamu hii.

Najua wengi wataniuliza Zapdos ex yuko wapi. Simtaki. Shambulio lake kubwa linadai nishati 3, kisha unarusha sarafu mara 4 huku unaomba dua.

Hatua ya 2: Jaza benchi

Pikachu ex anapiga 30 kwa kila Pokémon wako wa umeme aliyeko benchi, yaani anayengoja nyuma ya yule anayepigana mbele. Watatu, 90, kwa nishati 2 tu. Ukianza wa pili, unaweza kupiga zamu yako ya pili. Ukianza wa kwanza hupewi nishati zamu ya kwanza, kwa hiyo subiri ya tatu.

Hatua ya 3: Kumvuta aliyejificha

Hapa ndipo nilipoteza jioni nzima, na mpwa wangu alikuwa amekwama papo hapo.

Pointi ya kwanza huja kirahisi. Baada ya hapo mpinzani anamrudisha majeruhi wake benchi na kukuwekea ngao mbele. Mimi nilikuwa namtupa Sabrina nikidhani nitamvuta yule ninayemtaka. Sivyo! Sabrina anamwondoa aliyeko mbele, lakini anayeingia anachaguliwa na mpinzani. Nilifungwa mechi tano au sita kabla sijarudi kuisoma kadi vizuri. Sabrina ana maana pale tu mpinzani ana mmoja benchi, maana hana wa kuchagua, au pale wote walioko benchi unawaweza kwa pigo moja.

Anayekupa uchaguzi ni Cyrus, aliyetoka Januari 2025. Masharti ni mawili. Kwanza, unayemvuta lazima awe tayari ana jeraha. Pili, Cyrus ni msaidizi, na msaidizi ni mmoja tu kwa zamu. Ukimtumia yeye, Giovanni na ile 10 yake ya nyongeza anabaki mkononi. Kwa hiyo hesabu ya pigo ifanye bila Giovanni.

Jeraha unalitengeneza mapema, na Zebstrika ndiye fundi wake: kwa nishati 1 anapiga 30 kwa Pokémon yeyote wa mpinzani, hata aliyeko benchi. Chukua mfano wa Starmie ex, ambaye anarudi benchi bila gharama yoyote na hivyo anapenda kujificha. Ana uhai 130. Pikachu akimpiga peke yake ni 90, ongeza 20 za udhaifu wake kwa umeme, 110. Hafi. Ila zamu iliyotangulia Zebstrika angekuwa amemchoma 30 huyo Starmie akiwa benchi, zingebaki 100. Sasa unamvuta kwa Cyrus, unamrudisha Zebstrika kwa X Speed (kadi inayopunguza gharama ya kurudi benchi), Pikachu anaingia, pointi 2 kwa mkupuo. Zebstrika akirudi benchi bado anahesabika kwenye ile 90, ndiyo maana nampenda kuliko wote kwenye deki hii.

Angalizo: udhaifu hauhesabiwi kwa aliyeko benchi. Niliwahi kungoja 50 zitoke kwenye lile pigo la Zebstrika, zikatoka 30.

Angalizo jingine: usimchome kila mtu kidogo kidogo. Chagua mmoja, na kama yupo ex, awe yeye. Mega ex ana pointi 3, yaani mchezo mzima, lakini uhai wake ni mkubwa. Anza naye mapema au mwache kabisa.

Hatua ya 4: Usimgawe Pikachu

Yeye naye ni pointi 2. Kama tayari umepoteza Electrode mmoja, Pikachu akianguka umefungwa. Mpwa wangu alikuwa anamwacha mbele na uhai 30 kwa sababu "zamu ijayo namaliza." Zamu ijayo haikuja. Mrudishe, weka Electrode, anayepiga 70 kwa nishati 2 na anayerudi benchi bure. Amua hilo kabla ya kushambulia, kwa sababu ukishashambulia zamu imefungwa.