Asilimia ya sevu ya kwanza isikudanganye

Ukichambua mechi ya tenisi, usiishie kuhesabu sevu (mipigo ya kuanzisha pointi) za kwanza zilizoingia; ya kwanza ikikosa, mchezaji hupiga ya pili. Hesabu pia pointi alizoshinda mchezaji baada ya kila aina ya sevu, kisha uzidishe. Mchezaji anaingiza 60% na kushinda 70% ya hizo. Sevu ya pili inampa 50%. Jumla: 42 + 20, yaani anashinda 62% ya pointi zote anazosevu. Akipunguza nguvu ili aingize 70%, lakini ushindi ukashuka hadi 62%, anabaki na 43.4 + 15 = 58.4%. Ameingiza zaidi, amepoteza zaidi!

Makosa mawili mfululizo (sevu zote mbili zikikosa) yaandike kama pointi iliyopotea kwenye sevu ya pili. Wengi huyaweka safu ya pembeni, na hapo sevu mbovu inaonekana nzuri.

Tenganisha pia sevu za upande wa kulia na wa kushoto: 30–40 na faida (pointi moja mbele baada ya 40–40) huchezwa kushoto daima. Kamera ikae nyuma ya mstari wa mwisho, juu kiasi cha mita 3 au zaidi, la sivyo mchezaji wa karibu atauziba mpira.